Kadi Tisa za Besti

Bwenini, Jumamosi, 2 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama, hata daftari langu: kadi tisa za neno besti nilizokutumia tangu Januari kwa ajili ya kamusi yenu ni za uongo. Zote. Hakuna aliyeyasema maneno yale. Nimeyasema mimi, tena si kwa mdomo.

Nakwambia sasa kwa sababu barua yako ya juzi imeninyima usingizi. Umeandika kwamba kadi ya nne imepita, kwamba mzee wa kamusi, mkuu wenu, aliisoma kwa sauti mbele ya wenzako wote, na kwamba kurasa za herufi B zinakwenda kwa mpiga chapa tarehe tatu Juni. Nikaona uongo wangu umevaa jalada gumu, umepangwa kwenye rafu za watu.

Uliponipa kazi hii tulikuwa mezani kwako, wakati wa likizo, katikati ya yale masanduku ya kadi. Ulisema, "Wewe una masikio, mimi nina miwani. Niletee maneno ya Kiingereza cha mtaani yaliyohamia vinywani mwenu." Ukanifundisha: juu neno, katikati sentensi kama ilivyotoka mdomoni, chini aliyesema, mahali na tarehe. Ukanipigia meza kwa kidole: "Pasipo mtu aliye hai, kadi ni karatasi tu."

Nilidhani besti itakuwa kazi rahisi. Hapa neno hilo linasemwa kabla ya salamu. Na asili yake niliijua. Mwalimu wa Kiingereza alitueleza kwamba wenyewe walichukua best, yaani bora, wakaifunga kimkia cha kudekeza, kile kile wanachomfunga shangazi mpaka akawa auntie. Kwa hiyo besti ni bora wako uliyemdekeza. Nilikuandikia hayo yote na ukanisifu.

Tatizo ni kwamba besti husemwa baina ya wawili, na mimi popote ninapofika ni wa tatu. Nikikaribia bombani wanaendelea kuongea, lakini sauti inapungua taratibu, kama bomba linalofungwa. Wananiita Kobe. Si kwa ubaya. Ni kwamba nikiulizwa kitu, kichwa kinarudi ndani.

Basi nikawa nakaa kitandani na kadi tupu, nikijiuliza besti yangu angesema nini kama ningekuwa naye. Nikaandika. Nikampa kila mara mdomo mwingine: mwanafunzi jikoni, mwanafunzi uwanjani, mwanafunzi akipiga mswaki. Zilikuwa zinakuja tu, Shangazi. Ndiyo maana zikafika tisa.

Kuna moja ya kweli ambayo sikukutumia. Msichana wa kitanda cha juu yangu tunamwita Redio, kwa sababu hazimwi. Wiki ya kwanza ya muhula tulikuwa kwenye foleni ya maji, akaniwekea ndoo yake mikononi, akasema, "Besti, nishikie hii, narudi sasa hivi." Sasa hivi yake ilikuwa dakika arobaini. Niliishika mpaka vidole vikafa ganzi, na sikutaka arudi haraka. Sikuitia kwenye kadi. Niliona nikikutumia wewe, haitakuwa yangu tena.

Nisamehe, na uitoe kadi ya nne kabla haijachapwa.

Mwanao wa kwa kaka

*

Ofisi ya kamusi, Jumamosi, 9 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikavuta kiti nikaisoma tena. Sina hasira, na sababu ni hii: nilijua.

Nilijua tangu kadi ya pili. Watu hawasemi sentensi nzima, mama. Watu huanza, hujikatiza, humkaripia mtoto anayechezea swichi, wakarudi wakiwa wamesahau kiima. Sentensi zako zilikuwa zimechanwa nywele na kupakwa mafuta. Na hiyo ya nne, ambayo ulisema msemaji wake alikuwa anapiga mswaki! Hebu weka povu mdomoni ujaribu kusema, "Besti yangu ndiye anayenisikia hata nikinyamaza." Nilijaribu mwenyewe bafuni, nikachafua kioo.

Utauliza kwa nini basi niliipitisha. Kwa sababu niliisoma nikatamani iwe ya kweli, nikayaachia matamanio kalamu. Miaka ishirini na sita ya kazi hii sijawahi kufanya hivyo. Na kuna jingine ambalo ni zito kuliko hilo. Nilinyamaza tangu Februari kwa kuwa nilipenda bahasha zako. Ofisi hii ina watu wanne na panya mmoja, na barua zote zinazoingia zina muhuri na kumbukumbu namba fulani. Zako tu ndizo huniuliza kama nimekula. Nilisema nikimwambia mtoto najua, ataacha kuandika.

Jana nilikwenda kwa mzee wa kamusi nikamweleza. Alivua miwani, akaipangusa, akavaa, akanitazama kana kwamba nimebadilika sura. "Hata wewe?" Nikasema hata mimi. Akaitoa kadi ya nne kwenye faili, akanirudishia. Afadhali angefoka.

Sasa tuijenge upya nyumba. Redio kukuita besti akikupa ndoo, hiyo ni dhahabu, kwa nini uliificha? Hiyo nimekwishaiandika: *maana ya pili: huitwa mtu yeyote aliye karibu, hasa msemaji anapotaka kusaidiwa.* Safi kabisa. Kinachobaki ni maana ya kwanza, rafiki mwenyewe: mwandani, msiri, chanda na pete. Nahitaji sentensi moja ya mtu aliye hai kabla ya tarehe tatu Juni. Nikiikosa, neno litaingia kamusini bila mfano, limesimama peke yake kama mgeni ambaye hakuvutiwa kiti.

Usibuni. Sikiliza, andika, nitumie.

Shangazi yako

*

Bwenini, Alhamisi, 14 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nimeipata barua yako. Ahsante kwa kunieleza kuhusu maana ya pili. Sikuwa najua.

Nimeanza kazi. Naweka kadi na kipande cha penseli kwenye soksi. Nakaa bombani jioni najifanya nafua shati lile lile. Limefuliwa mara nne wiki hii, kola imeanza kutoa nyuzi. Nimegundua ulichosema ni kweli, hakuna anayemaliza sentensi. Wawili wa kitanda cha dirishani: "Besti, yaani, hapana, subiri, besti, nilipomwona, we!" Nimeandika vyote, na saa.

Kila kadi nimeandika kama ulivyonifunza, aliyesema, mahali, tarehe. Sina wasemaji wa kubuni tena.

Nadhani nimeipata unayoitaka. Jumanne nilikuwa nyuma ya kamba za nguo, na upande wa pili wa mashuka Redio alikuwa anaongea na mtu ambaye sikumwona. Alisema kwa sauti kubwa, kila neno peke yake: "Besti yangu ni wewe tu, wengine hawa mbwembwe!" Sijui alikuwa anamwambia nani. Nilingoja nimwone aliyejibu, hakuna aliyejibu, kengele ikalia. Huyo mtu ana bahati.

Nitakutumia zikifika kumi na mbili, zijae bahasha. Ziko salama chini ya godoro.

Usijali kuhusu mimi kuandika kwa ufupi. Kuna mitihani.

Mwanao

*

Bwenini, kitanda cha juu, Jumatano, 20 Mei

Kwa Shangazi wa Kobe,

Shikamoo. Nimeanza na shikamoo kwa sababu nimelelewa, si kwa sababu nimefurahi.

Jina langu hulihitaji, maana mwanao keshakuandikia mpaka saa nilizopumua. Hapa naitwa Redio. Jana mlezi wa bweni alipekua masanduku akaikuta simu yangu, na simu haturuhusiwi. Imekwenda, mpaka shule ifungwe. Nikasema, nani kanichongea? Wenzangu wakainua godoro la Kobe, na tukakuta nini? Kadi! Kumi na moja! "Redio, kwenye kamba za nguo, Jumanne, saa kumi na moja na robo." "Wawili wa kitanda cha dirishani, bombani, saa kumi na mbili kasoro dakika tano." Mama yangu! Hata askari haandiki vizuri hivyo. Na juu yake bahasha yako ina anwani na muhuri, kama ya serikali. Wa dirishani wawili hawajaoga tangu jana, wanasema bomba lina masikio.

Tukamsimamisha katikati ya chumba. Nikamwambia, "Haya Kobe, toa kichwa, unampelekea nani?" Akaanza kulia bila sauti. Hata machozi anatoa kwa kubana matumizi! Mmoja akasema tumwage maji godoro lake. Nikamwambia thubutu, halafu maji yanidondokee, mimi nalala juu. Akanijibu maji hayapandi. Basi tukabishana hilo, godoro likapona.

Ila kuna jambo limenikereketa, ndiyo maana nimeazima stempu. Pamoja na kadi kulikuwa na barua yako kwake, nimeisoma, samahani lakini na yeye amenisoma mimi. Eti Redio alimwita besti, kwa sababu ya ndoo. Mimi? Ndoo ipi? Mimi huwaita besti watu wote, hata yule mbwa wa mlinzi.

Sasa sikia, wewe mtu mzima, nikwambie maana uiweke kwenye kitabu chako: mimi si besti yake. Besti hakuandiki kwenye kadi. Besti anakuuliza. Miezi mitano nalala juu ya kichwa chake, hajawahi kuniuliza hata saa ngapi.

Nijibu. Maneno yetu unayapeleka wapi?

Redio

*

Ofisi ya kamusi, Jumamosi, 23 Mei

Kwa Redio,

Marahaba mwanangu, na uwashukuru waliokulea.

Umeuliza swali moja, nitalijibu lote. Mimi hutengeneza kamusi. Maneno yenu yanakuja kwenye sanduku la mbao lililo mkono wangu wa kushoto ninapoandika hivi. Hakuna mwalimu wala mlezi aliyewahi kuliona. Kitabuni aliyesema haandikwi jina, huandikwa "mwanafunzi, bwenini", basi. Lakini mliopekuliwa mkakuta kadi zina jina lenu na saa, mlikuwa na haki ya kuogopa. Mimi ndiye niliyemwambia aandike hivyo. Sikufikiri kwamba kadi ambayo mezani kwangu ni kazi, chini ya godoro la shule ni uchongezi. Aibu hiyo ni yangu, usimvike yeye.

Kadi ile ya kamba za nguo imechukuliwa bila wewe kujua. Sitaitumia, ni mali yako.

Lakini umeniandikia barua, na ndani yake kuna maneno haya: "Besti hakuandiki kwenye kadi. Besti anakuuliza." Nimeyasomea wenzangu. Mzee wa kamusi alikuwa hajacheka tangu mwaka juzi. Alicheka. Tulikuwa tunatafuta maana hiyo tangu Januari. Naomba ruhusa yako niiweke. Ukikataa, nitaichana barua na hutasikia tena kutoka kwangu.

Shangazi wa Kobe

*

Ofisi ya kamusi, siku hiyo hiyo

Mwanangu,

Bahasha hii ina barua mbili. Ya Redio mpe kama ilivyofungwa.

Nimerudia barua yako ya tarehe kumi na nne. "Ahsante kwa kunieleza kuhusu maana ya pili. Sikuwa najua." Niliupita mstari huo mara ya kwanza kama mtu anayekanyaga kidole cha mgonjwa akielekea dirishani. Ulinipa kitu ulichokishika mpaka vidole vikafa ganzi, nami nikakipa namba. Nisamehe, mama. Kamusi inajua neno lilitumikaje. Haijui lilipokelewaje.

Sitaki kadi nyingine kutoka kwako. Nataka tu kujua uko salama, kama unakula, na kama godoro ni kavu.

Shangazi yako

*

Bwenini, Jumamosi, 30 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Godoro ni kavu. Nakula.

Barua zako zilifika Jumatano. Tangu siku ile ya kadi hakuna aliyenisemesha, isipokuwa "pisha". Nilimpa Redio bahasha yake bila kumtazama nikatoka nje. Niliporudi alikuwa amesimama juu ya sanduku lake, anawasomea bweni zima. Alipofika kwa mzee wa kamusi aliyecheka, aliirudia mara tatu. "Mmesikia? Tangu mwaka juzi! Na nilikuwa nimekasirika! Je, ningefurahi?" Wa dirishani wawili wakataka kujua kama na wao watakuwemo. Akawaambia wao hawamalizi sentensi.

Halafu mlezi wa bweni akaingia kuuliza kelele za nini. Mmoja akajikaza akamuuliza nani alimchongea Redio habari za simu. Mlezi akashangaa. "Amchongee nani? Mwenzenu alisikika mpaka jikoni. Mpishi alidhani anaitwa yeye." Watu wakaangua kicheko, na Redio akacheka zaidi ya wote, lakini niliona alivyoshuka pale juu, taratibu, akapanda kitandani akageukia ukuta.

Chumba kikaisha watu. Nikabaki mimi chini na yeye juu. Shangazi, nilikuwa na swali tangu ile Jumanne, na sikuwa nimelijua kuwa ni swali, nilidhani ni nafasi iliyo wazi kwenye kadi. Nilianza mara mbili likarudi. Mara ya tatu nikaongea na mbao za kitanda chake, maana hizo nimezizoea:

"Siku ile kwenye kamba. Ulikuwa unaongea na nani?"

Nikajua nimeharibu. Kisha miguu yake miwili ikaning'inia mbele ya uso wangu.

"Bibi," akasema.

Amelelewa na bibi yake. Masikio ya bibi yalianza kuchoka Redio akiwa bado mdogo, na nyumbani wako wawili tu, kwa hiyo kila kitu lazima kisemwe kwa nguvu, hata "nakwenda dukani", hata "lala salama". Alikuja hapa na sauti hiyo hiyo, hakuwa anajua kwamba ni kubwa mpaka wakampa jina. "Mlidhani naringa," akasema. "Mimi naogopa nikipunguza, nitaisahau, nikirudi asinisikie." Jumanne zote alikuwa anampigia. Bibi hajibu kitu kwa sababu hasikii vizuri kwenye simu. Anakohoa mara moja, ndiyo ishara kwamba amepata. Nami nilingoja nyuma ya mashuka nimwone mwenye bahati.

Nikamuuliza la pili, likatoka lenyewe: "Na sasa, bila simu?" Nikamwambia kama macho ya bibi hayajachoka, mimi naandika herufi kubwa. Tulikaa mpaka kengele ya chakula. Yeye anasema, mimi naandika, bila kuzichana nywele. "Bibi, ugh, ngoja, usiandike ugh." Niliiandika. Ikajaa kurasa sita kwa sababu ya ukubwa wa herufi.

Ruhusa uliyomwomba imo ndani ya bahasha hii, kwa mwandiko wake mwenyewe. Ana sharti moja: chini paandikwe "mwanafunzi, bwenini, akiwa na hasira ya haki". Nimemwambia sidhani kama mzee wa kamusi atakubali neno haki. Amesema ajaribu kukataa aone barua nyingine. Kadi ile ya kwenye kamba ameniomba aichane mwenyewe, na ameichana vipande vidogo sana. "Hii ni ya bibi," akasema, nikaelewa bila kuelezwa.

Usiniulize sasa yeye ni nani kwangu, wala mimi ni nani kwake. Hajaniita neno lolote tangu Jumatano. Leo asubuhi kwenye foleni hakunipa ndoo nimshikie. Alisimama na yake, mimi na yangu, akaniuliza nimeota nini. Sikuwa nimeota kitu. Nilimwambia hivyo, akasema hata hiyo ni habari.

Naandika hii kwenye meza ya mwisho, wote wamekwenda uwanjani. Kuna mengi hapa juu yake ambayo hajui kwamba nimeyaona: miguu ile, ukuta ule, vipande vile. Nasikia ndala zake barazani. Ya kushoto imekatika mkanda, inaburuzika. Anaimba vibaya, kwa nguvu zote. Mkono wangu umekwisha kuja juu ya karatasi wenyewe, vidole vimetandazwa, umefunika mistari saba. Mlango haujafungwa. Atauliza naandika nini.

Nauondoa, Shangazi. Nauweka mapajani.